Moto ni Adui: Somo Kuhusu Nyumba Kubwa, Maji na Amana



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu msomaji, somo la toleo hili limetoka nyumbani kwetu Oraba, wilaya ya Koboko, pale barabara ya lami inapoishia na Sudan Kusini inapoanza. Likizo iliyopita baba yangu mdogo alinikunjulia ramani ya nyumba anayotaka kujenga. Ni nyumba ya chini na juu, yenye vyumba vya kulala kumi na kimoja, na sebule ambayo dari yake inapanda moja kwa moja hadi chini ya paa. Watakaa humo wake zake wawili, watoto, Bibi yetu ambaye macho yake yamepungua nuru, na jamaa kutoka ng'ambo ya Kaya ambao hawakosekani kwetu mwaka mzima. Kila dirisha limechorwa vyuma kwa ajili ya wezi. Chini ya ngazi kuna stoo ya jenereta na jerikeni za petroli.

Ndugu mmoja wa jumuiya yetu anayesoma uhandisi alikuwa ameiona ramani hiyo kabla yangu. Aliweka vitone vyekundu kwenye kila chumba, akaandika pembeni: vinyunyizio vya moto. Baba mdogo aliniuliza: "Mwanangu, wewe unayesoma dini, niambie. Nikijaza mabomba ya maji kwenye dari kungojea moto ambao huenda usije kamwe, hiyo si israfu? Na tawakkul yangu itakuwa wapi?"

Usiku ule sikuwa na jibu. Nilimwomba muda, naye akanipa mpaka Idi, maana baada ya Idi msingi unachimbwa. Haya ndiyo niliyomrudishia. Mimi ni mwanafunzi, si mufti. Yapimeni, na palipo na kosa nisahihisheni.

1. Moto katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.)

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na waliokuwemo. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa habari yao, alifundisha kwamba moto huu ni adui yetu, na kwamba tuuzime tunapokwenda kulala. Katika hadithi ya Jabir (r.a.) ametaja hata njia ya ajali yenyewe: panya huweza kuuburuta utambi wa taa akawaunguza watu wa nyumba.

Tuzingatie mambo mawili hapa. Kwanza, baada ya msiba Mtume (s.a.w.) hakuishia kwenye pole. Alitoa maelekezo ya kuzuia msiba wa pili. Pili, alieleza sababu: taa, utambi, panya. Wanazuoni wakajadili kwamba amri ikiwa imefungamana na sababu, basi hukumu huifuata sababu hiyo. Taa iliyotundikwa mahali ambapo panya hafiki haina hatari ile ile. Na kwa mantiki hiyo hiyo, chaja ya simu inayopata moto juu ya godoro ni utambi wa zama zetu, ijapokuwa hakuna panya.

2. Kufa ilipoungua

Tabari anasimulia katika matukio ya mwaka wa 17 Hijria kwamba Waislamu waliohamia Kufa na Basra walijenga kwanza kwa matete. Moto ukaziteketeza nyumba zao. Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) akatuma watu kwa Khalifa Umar (r.a.) kuomba ruhusa ya kujenga kwa matofali. Umar akakubali, lakini akaweka mpaka: mtu asizidishe vyumba vitatu, na wasishindane kwa kurefusha majengo.

Nilipomsomea baba mdogo kisa hiki alicheka, akasema, "Basi Umar amenibomolea vyumba vinane." Lakini kisa kinatufundisha jambo zito. Kiongozi aliona kuwa kubadili vifaa vya ujenzi ili watu wasiungue ni haja ya halali, na hapo hapo akaona kuwa ukubwa wa nyumba una madhara yake. Sisi wa West Nile tunakijua kisa cha matete kwa macho yetu: nyumba za nyasi, upepo wa Januari, na majani makavu yaliyowashwa shambani. Tukipata riziki tunahamia kwenye matofali na mabati, tukidhani tumeuacha moto nyuma. Kumbe tumeubadilishia chakula tu. Sasa unakula godoro la sponji, makochi, pazia, siling bodi na petroli ya stoo.

3. Kinyunyizio ni nini, na kinafanyaje kazi?

Wengi wetu tunadhani moshi ukitokea tu, nyumba nzima inamwagiwa maji. Hivyo ni katika sinema. Kinyunyizio cha kawaida ni mdomo mdogo wa bomba uliozibwa, na kizibo chake kimeshikiliwa na kichupa cha kioo chenye kimiminika ndani. Joto likifika kiwango chake, kimiminika hutanuka, kichupa hupasuka, na maji hutoka pale tu. Moshi peke yake haukifungui. Kila kichwa husubiri joto lake chenyewe, kwa hiyo moto wa chumba kimoja hufungua kichwa kimoja au viwili, na vingine vyote hubaki vimefungwa.

Rangi ya kimiminika huonyesha kiwango: nyekundu ni nyuzi 68 za Selsiasi, njano 79, kijani 93. Kwa mazingira yetu jambo hili lina uzito. Vile vya nyuzi 68 vimekusudiwa mahali ambapo joto la darini kwa kawaida halizidi nyuzi 38. Chini ya mabati yasiyo na siling, mchana wa Februari, joto huweza kupita hapo. Pahala kama hapo huwekwa vya kiwango cha juu zaidi.

Ufundi huu si mgeni. Henry Parmelee wa Marekani alipata hataza ya kinyunyizio mwaka 1874 ili kukilinda kiwanda chake cha piano, na Frederick Grinnell akauboresha miaka michache baadaye. Wala si mgeni kwa mahujaji. Tarehe 15 Aprili 1997 moto ulizuka katika mahema ya Mina na mahujaji 343 wakafariki, Allah awarehemu. Baada ya hapo Saudi Arabia ikajenga mahema ya kitambaa kisichoshika moto kwa urahisi, na ndani yake ikaweka vinyunyizio vinavyofunguliwa na joto. Mwaka hadi mwaka wazee wetu wa Arua, Koboko na Yumbe wanalala Mina chini ya vichwa hivyo, na sijamsikia yeyote aliyesema kwamba Hija yao imepungukiwa na tawakkul.

4. Hesabu ya maji

Kanuni inayofuatwa sana kwa nyumba za familia ni ile namba 13D ya shirika la NFPA la Marekani, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1975. Lengo lake kuu ni kuokoa watu kabla ya mali. Kwa kawaida inataka maji ya kutosha vichwa viwili kwa dakika 10. Hizo dakika 10 ni za kuwatoa watu nje.

Tufanye hesabu pamoja. Kichwa kimoja kikihudumia eneo la takriban mita 4.9 kwa 4.9, hiyo ni mita za mraba 24. Kiwango cha chini ni kama milimita 2.04 za maji kwa kila dakika juu ya eneo hilo, yaani lita 49 kwa dakika. Vichwa viwili ni lita 98 kwa dakika, na kwa dakika 10 ni lita 980. Kwa maneno mepesi: tangi la lita 1,000 likiwa limejaa, na likiwa halichotwi kwa kufulia.

Baba mdogo aliposikia hivyo alifurahi. "Tangi la lita elfu ninalo tayari!" Lakini maji kuwapo hakutoshi, lazima yawe na nguvu. Kichwa cha aina hiyo kinahitaji angalau presha ya karibu nusu baa. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takriban baa 1, kwa hiyo nusu baa ni kimo cha mita 5 juu ya kichwa chenyewe, na bado hujaongeza presha inayopotea ndani ya mabomba na kona zake. Kama dari ya juu iko mita 6.5 kutoka ardhini, basi tangi linapaswa kusimama kwenye mnara wa zaidi ya mita 11.5, na ukihesabu upotevu ni 13 au 14. Tangi lililokaa juu ya slebu, mita moja au mbili juu ya dari, litatoa maji ya kutiririka tu. Vichwa vitapasuka na moto utaendelea.

Njia ya pili ni pampu. Hapo swali ni moja: umeme ukikatika? Moto wenyewe mara nyingi huanzia kwenye nyaya, na ukianzia hapo umeme ndio wa kwanza kuondoka. Pampu hiyo lazima iwe na chanzo cha nguvu kisichopita ndani ya nyumba inayoungua. Ndiyo maana kwa mahali kama Oraba mnara mrefu, ukiwezekana, ni mtulivu zaidi kwa moyo. Uzito wa maji hautegemei transfoma.

5. Jina la nyumba na maana ya nyumba

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Kanuni ya 13D haina kikomo cha ukubwa. Ikiwa nyumba ni ya familia moja, hata iwe na vyumba 30, kwa jina bado inaingia humo, na vichwa viwili kwa dakika 10 vinatosha kisheria. Jengo dogo la vyumba vya kupangisha, lenye watu wachache kuliko nyumba ya baba mdogo, huhesabiwa kwa kanuni nyingine, ya 13R, ambayo huchukua hadi vichwa vinne kwa dakika 30. Tukitumia kiwango kile kile cha lita 49, hiyo ni lita 5,880. Tofauti ya karibu mara sita, na sababu yake ni jina la jengo.

Wanafunzi wa fiqhi tunalijua suala hili. Wanazuoni wametufundisha kwamba katika mikataba kinachoangaliwa ni makusudio na maana, si matamshi na sura zake. Hapa si mkataba, lakini akili ni ile ile. Nyumba yenye watu zaidi ya ishirini, sebule ndefu, na Bibi asiyeona vizuri, kwa jina ni nyumba ya familia. Kwa maana ni bweni.

Wahandisi waangalifu hulijua hilo pia, ndiyo maana kwenye nyumba kubwa mno hawatosheki na kiwango cha chini. Huangalia mambo haya:

Sebule ndefu. Joto hupanda polepole na kupoa njiani, kwa hiyo kichwa kilicho juu sana huchelewa kupasuka, na maji yake yana safari ndefu ya kushuka. Lazima kichague kichwa kilichothibitishwa kwa kimo hicho na kwa mteremko huo wa dari. Tena eneo likiwa wazi na pana, vichwa zaidi ya viwili vinaweza kufunguka, na hesabu ya lita 980 inavunjika.

Umbali. Kadiri bomba linavyokuwa refu na jembamba, ndivyo presha inavyopotea. Hesabu hufanywa kwa chumba cha mbali kabisa na tangi, si kwa kile kilicho jirani yake.

Sehemu zinazoachwa. Kanuni ya 13D inaruhusu kuacha bafu ndogo, gereji na sehemu za darini zisizokaliwa. Lakini kwetu gereji na stoo ndiko kuliko na jenereta na petroli. Ruhusa ile ilitolewa kwa kuangalia nyumba za kwao. Anayeinakili bila kuangalia stoo yake amechukua hukumu akaacha sababu.

Muda. Dakika 10 zinatosha kumtoa nani? Nilipima mwenyewe. Nilimshika Bibi mkono nikatembea naye taratibu, toka kitandani mpaka uani, katika nyumba ya chini anayoishi sasa, mchana, bila moshi, na tulisimama mara mbili apumzike. Kisha nikafikiria ngazi za kwenye ramani, usiku wa manane. Mnamo Oktoba 2022, katika shule ya wasioona ya Salama, wilayani Mukono, moto wa bwenini uliwaua watu 11. Asiyeona hawezi kuhesabiwa dakika sawa na kijana wa miaka ishirini.

6. Je, ni israfu? Je, inapingana na tawakkul?

Kuhusu tawakkul: yule aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kutegemea, alielekezwa afunge na ategemee, kama alivyopokea Tirmidhi. Na Umar (r.a.) alipogeuka asiingie Sham kwa sababu ya tauni, akaulizwa kama anakimbia kadari ya Allah, alijibu kwamba anatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Maji yanayoshuka darini nayo ni kadari.

Kuhusu israfu: Allah (s.w.t.) katika Suratul-Furqan, aya ya 67, amewasifu wasiofuja wala kubana wanapotoa, bali huwa katikati. Na katika Al-Maida, aya ya 32, ameeleza kuwa kuihuisha nafsi moja ni kama kuwahuisha watu wote. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia, na njia ya kulifikia jambo huchukua hukumu ya jambo lenyewe. Basi mali inayotumika kwa kadiri ya hatari iliyopo haiitwi israfu. Kinyume chake ndicho cha kuogopa. Katika ramani ile kulikuwa na nguzo nne za mapambo mbele ya mlango na taa kubwa ya vioo vya kuning'inia. Nilimwuliza baba mdogo kwa adabu: "Baba, kati ya nguzo na maji, kipi tutaulizwa tulikipeleka wapi?" Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nguzo mbili zinatosha."

Lakini uadilifu unataka niseme na upande wa pili. Vinyunyizio si faradhi kwa kila mwenye nyumba, na mwenye kipato kidogo asilemewe. Hata kwa tajiri, vinyunyizio si hatua ya kwanza. Mpangilio ninaouona ni huu: petroli na jenereta zitoke ndani ya nyumba. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo vyuma vyake vinafunguka kwa ndani bila kutafuta ufunguo. Asiyeweza kukimbia alale chini, karibu na mlango. Milango ya vyumba ifungwe usiku, maana mlango uliofungwa huchelewesha moto na moshi. Sigiri izimwe na itolewe nje, kwa ajili ya moto na kwa ajili ya hewa yake yenye sumu. Kengele za moshi ziwekwe. Baada ya hayo ndipo tuzungumze vinyunyizio, na vikiwekwa viwekwe kamili, kwa hesabu ya mhandisi na idhini ya kamati ya majengo kama Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 inavyotaka. Vinyunyizio vya nusu nusu, visivyokaguliwa, tangi likiwa tupu mwezi wa pili, vinawapa watu usingizi mzito wasioustahili.

Na kwetu kuna hoja ya ziada. Gari la zimamoto likitoka Arua, mpaka Oraba lina safari ya zaidi ya kilomita 50. Moto wa godoro hausubiri safari hiyo.

Hitimisho

Idi ilipopita msingi ulichimbwa. Ramani mpya ina chumba cha Bibi chini, chenye mlango wa kutokea uani. Stoo ya petroli imehamia pembeni mwa kiwanja, mbali na jiko. Madirisha yote ya kulala yana vyuma vya kufunguka. Mnara wa tangi umechorwa, na mabomba ya dari yatalazwa wakati wa kujenga, maana kuyaingiza baadaye ni kubomoa. Hesabu imefanywa kwa vichwa vinne na dakika 30, si viwili na 10. Vichwa vyenyewe bado havijanunuliwa, na baba mdogo amesema fedha yake ikichelewa, basi nyumba itahamiwa kwa awamu, chini kwanza. Namwombea Allah amtimizie.

Ndugu zangu, wengi wetu leo tunaishi hosteli, na kesho tutakuwa wajenzi, wazazi na wenye kuulizwa ushauri. Kila mmoja ni mchunga, na ataulizwa alichokichunga. Usiku huu kabla ya kulala, tuzime kilichowaka, tuondoe chaja kitandani, na tujue mlango wa pili uko wapi.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Katika hosteli yako, moto ukizuka kwenye ngazi saa nane usiku, utatokea wapi? Umewahi kuijaribu njia hiyo?
2. Amri ya kuzima taa imefungamana na sababu gani, na sababu hiyo inapatikana wapi katika chumba chako leo?
3. Tangi la lita 5,000 limewekwa mita 2 juu ya dari ya juu. Lina maji ya kutosha vichwa vinne kwa dakika 25. Je, lina presha ya kutosha? Eleza kwa hesabu.
4. Toa mfano mwingine ambapo jina la kitu linatosheleza sheria lakini maana yake inadai zaidi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.